Jivu la Mawe Matatu

Mume wangu anapumua kwa umeme. Naliweka wazi hili mapema, ili mtu asije akaniuliza kwa nini nilikuwa mkali vile dukani kwa Mpahi. Mwingine akienda kuchagua betri za sola huwaza taa, redio, labda friji ya kupozea soda. Mimi nilikuwa nakiwaza kifua cha Baba Shani, ambacho vumbi la machimbo limekitafuna mpaka kimebaki kifua kwa jina. Hospitali walituruhusu na mashine ya oksijeni, ndogo, ya kukaa juu ya stuli, wakasema isizimwe mchana wala usiku. Na gridi ya taifa ilikwishakufa tangu binti yetu Shani yuko darasa la awali. Siku hizi kila nyumba inajitafutia umeme wake.

"Shikamoo mama," alisema Mpahi. Ni kijana mwenye duka la sola pale Singida mjini, na mdomo wake una asali kama wa wauza duka wote.

"Marahaba. Nataka betri isiyozimika."

Akanionyesha kwanza za risasi, zimepangwa sakafuni, kila moja nzito kama dhambi.

"Hizi unazijua, mama. Zina tindikali ndani na zina deko. Ukizinywa zaidi ya nusu, unaziua. Kwa hiyo ukitaka umeme wa siku moja, ununue wa siku mbili."

"Na ile?"

"Lithiamu." Akashusha sauti, kama mtu aliyemtaja mkwe. "Hiyo unainywa karibu yote na haikununii. Ina kufuli lake. Haitoi umeme hata chembe nje ya nyumba yako."

"Nipe hiyo."

"Hakuna."

"Naiona kwa macho yangu, Mpahi."

"Hilo ni ganda tu, la kuonyesha wateja. Mzigo wenyewe umekwama ng'ambo ya daraja lililovunjika tangu mvua zianze. Nakuandikia moja. Barabara ikifunguka, naileta mwenyewe mpaka mlangoni."

Nikamwambia mume wangu yuko nje kwenye bajaji na mtungi wa kuazima wa hospitali, na mtungi hausubiri daraja. Mpahi akanitazama, akaacha asali yake, akanipeleka nyuma ya duka. Huko, chini ya magunia yaliyoloweshwa, palikuwa na vyungu. Vyungu vya kawaida vya udongo, vyenye midomo mipana, kama vya kupikia kande za harusi. Akafunua kimoja. Ndani mlikuwa na tope la kijivu lenye harufu ya ziwa la chumvi. Akachomeka nyaya mbili kwenye tope, akagusisha ncha zake kwenye balbu, na balbu ikawaka.

Nitasema ukweli: nilirudi nyuma hatua moja.

"Vijidudu," Mpahi alisema. "Watafiti walivitoa chini kabisa ya ziwa, wakavikuza kizazi baada ya kizazi. Mchana vinakula umeme wa paneli zako. Jua likizama, vinaucheua."

"Vinacheua kama ng'ombe."

"Kama ng'ombe, mama. Na kama ng'ombe, usivikamue mpaka damu. Chungu kikikauka umeme kabisa, vijidudu vinakufa, na hakuna fundi wa kuvifufua."

"Chungu kimoja kinatunza umeme kiasi gani?"

"Inategemea kimezikwa wapi."

"Mimi sitaki betri ya inategemea."

Akacheka kidogo, akauliza tunahamia upande gani. Nikamwambia Mawe Matatu, kwenye kiwanja cha marehemu shemeji yangu, kwa sababu kule juu hakuna vumbi. Uso wake ukafunguka.

"Basi umepona, mama. Kilima kizima kina vyungu. Vyako vitapata wenzao."

Sikuelewa vyungu vinapataje wenzao. Nilipakia tu, kwa sababu mtungi ulikuwa unakwisha.

*

Watu wa Mawe Matatu hawana subira ya kumwacha mgeni atue mizigo. Mpahi alikuwa bado anachimba mashimo kando ya ukuta wa jiko, na tayari wanawake walikuwa wanapanda mteremko mmoja mmoja, kila mmoja ameshika kigae cha chungu kilichovunjika, na juu ya kigae pana tope.

Wa kwanza alikuwa jirani yetu wa ua kwa ua, Mama Yunisi, mwanamke mpana mwenye manyoya ya kuku kwenye kilemba. Anafuga kuku, na ana mashine ya kutotolea vifaranga ambayo anaizungumzia kama mtoto wa kwanza.

"Tumekuletea mbegu," alisema, akakwangua tope lake kwenye chungu changu bila kuomba ruhusa. "Mama yangu alikuwa akipelekewa kaa la moto kwenye kigae hivi hivi, moto ukimzimikia. Moto hanyimwi mtu."

Wengine wakafuata. Kila chungu kikapata kijiko cha tope la kila nyumba. Mimi nilikuwa nawashukuru kwa mdomo, moyoni nikijiuliza kama tope la watu lina maradhi. Sikuzaliwa mwepesi wa kuamini. Nimeishi machimboni, ambako mtu akikupa kitu bure unakigeuza chini juu kwanza.

Vyungu vilizikwa mpaka shingoni, vikamwagiwa maji ya chumvi, vikaungwa na paneli na mashine. Baba Shani alivutiwa kiti akakaa karibu navyo, mrija puani. Jua lilipoanza kushuka, Mpahi alizima mtungi wa hospitali, na mashine ikaendelea na sauti yake ile ya kupuliza na kutua.

"Hebu weka mkono hapa," mume wangu aliniambia.

Nikapiga magoti, nikaweka kiganja juu ya udongo. Ulikuwa na joto, na ulikuwa unatetemeka kwa mbali sana, mtetemo wa ubavu wa ng'ombe aliyelala. Chini yangu palikuwa na kitu hai, na kitu hicho kilikuwa kinampumulia mume wangu.

"Miaka yote ile nimeingia ardhini kuchukua," Baba Shani alisema polepole, maana maneno yake yanakuja baada ya pumzi. "Haijawahi kunipa hata salamu. Leo inanipa hewa."

Tulikaa pale mpaka giza likaingia, wawili, tumeshika udongo. Ningependa kusema furaha ile ilidumu. Lakini Mpahi alikuwa ameniachia kipimo chenye mshale, nami nikiachiwa mshale nautazama.

*

Mshale ulikuwa unashuka kuliko haki yake. Nilijua mashine inakunywa kiasi gani, kwa kuwa Mpahi alinichorea alama kwenye kioo cha kipimo: jioni uwe hapa, alfajiri uwe pale. Alfajiri ulikuwa chini ya pale. Siku iliyofuata vile vile. Asubuhi ya tatu nikachukua jembe dogo, nikafukua pembeni ya chungu cha mwisho.

Kwenye ubavu wa chungu zilikuwa zimeota nyuzi. Nyeupe, nyembamba kama za kushonea, nyingi zisizohesabika, zimetoboa vitundu vya udongo zikaingia ardhini. Nikazifuata kwa jembe. Zilipita chini ya ua wa minyaa, zikaendelea kwa Mama Yunisi.

Nilimkuta ameinamia mashine yake ya vifaranga, anageuza mayai.

"Hodi. Mama Yunisi, umeme wangu unakuja kwako."

"Karibu. Na wangu unakuja kwako," alijibu bila kuinua kichwa. "Vyungu vya kilima hiki vimeshikana chini kwa chini. Kilichojaa kinakimwagia kisichojaa. Juzi wingu lilipotua juu ya paneli zako mchana kutwa, mashine ya mume wako ilizimika?"

"Haikuzimika."

"Haya basi."

Kwake yeye mazungumzo yalikuwa yamekwisha. Kwangu ndiyo kwanza yanaanza. Niliyatazama mayai yale yamepangwa, yana joto lake zuri la taa, nikakasirika.

"Mayai yako yakipoa, Mama Yunisi, utaatamisha mengine. Mimi ninaye mmoja."

Hapo akainua kichwa. Hakukasirika. Alisema, "Najua, mama," kwa upole ulioniudhi zaidi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na swali ambalo sijawahi kulipenda. Je, mtu ana haki ya kufunga mlango wakati ndani ana mgonjwa? Nilijijibu kwamba anayo. Nikajijibu tena, kwa sauti, nikiwa peke yangu jikoni. Mtu akijijibu mara mbili ajue kuna tatizo, lakini siku hiyo sikutaka kujua.

Sasa, siafu wakivamia nyumba, mtu hufanya nini? Humwaga jivu. Siafu hawavuki jivu; hilo nililijua kabla ya kujua kusoma. Na nyuzi zile nyeupe, zilivyojipanga na kuandamana chini ya ua, sikuona tofauti yake na siafu. Nikachota jivu lote la jikoni, nikachimba mfereji mwembamba kuzunguka nyumba, nikaujaza jivu, nikanyunyizia maji lisipeperuke.

"Unafanya nini?" Baba Shani aliuliza kutoka kibarazani.

"Siafu."

"Siafu wako wapi?"

"Ndiyo maana sitaki waje."

Jioni ile mshale ulisimama. Keshoye ukapanda. Siku iliyofuata ukapanda kupita alama ya Mpahi, ukaegemea mwisho wa kioo, na mimi nikapika pilau. Nilijisifu, sikatai. Nilimwambia mume wangu kwamba elimu ya watafiti na vyungu vyao imeshindwa na jivu la mwanamke.

*

Kisha wingu likatukalia.

Halikuwa wingu la mvua ya kupita. Lilishuka likafunika yale mawe makubwa matatu juu ya kilima, likakaa, siku baada ya siku, na mchana ukawa wa rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Paneli zilikuwa zinatoa umeme wa kuwashia kibiriti. Mimi nilikaa mbele ya kipimo kama mlinzi, nikingoja mshale uanguke, nikiwa nimeandaa akilini njia ya kumrudisha Baba Shani hospitali kwa barabara ya matope.

Mshale haukuanguka. Ulishuka kidogo, ukapanda kidogo, ukatulia palepale. Siku ya kwanza nilishukuru Mungu. Siku zilizofuata nilianza kuogopa, kwa sababu hesabu ilikuwa inakataa. Jua hakuna, mashine inakunywa, na vyungu vyangu nimevifungia kwa jivu. Umeme huu ulikuwa unatoka wapi?

Alasiri moja nikatoka nje kuangalia paneli, na hapo ndipo nilipokitazama kilima. Kulikuwa kweusi kama magharibi, lakini hakuna dirisha lililokuwa na taa. Mashine ya kusaga iliyokuwa ikitupigia kelele kutwa ilikuwa kimya. Pampu ya kisima ilikuwa kimya. Wanawake walikuwa wanavuta maji kwa kamba na ndoo. Nyumba pekee yenye umeme Mawe Matatu ilikuwa yangu.

Nilipita kwenye tundu la ua mbio kama msichana. Mama Yunisi alikuwa jikoni kwake karibu na mafiga, amejifunika blanketi zito. Mashine ya vifaranga ilikuwa wazi, baridi, tupu.

"Vyungu vyenu vimekufa?" niliuliza.

"Vizima. Tumezima vitu vyetu." Akafunua blanketi. Mayai yalikuwa humo, amezungushia chupa za maji ya moto, mengine kayafunga kwa kanga kifuani. "Yamebakiza siku chache kupasuka. Hao kuku wangu hawakubali kulalia mayai ya wenzao, wana roho mbaya. Nimebaki mimi."

"Mmezima kwa nini?"

Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini tunatafuna chakula.

"Si ulimwaga jivu?"

Nikayatazama mafiga yake.

"Nyuzi zinapenda jivu kuliko chumvi," alisema. "Palipo na jivu zinakimbilia, zinanenepa, umeme wote unafuata huko. Hapa hakuna anayethubutu kumwaga jivu karibu na nyumba bila shida kubwa. Tulipoona umezungusha, tukasema huyu mgeni anaona haya kutuomba kwa mdomo. Mjumbe akapita nyumba kwa nyumba. Kila mtu azime chake, mashine ya mgonjwa inywe peke yake. Maana tukinywa wote na jua hakuna, vyungu vitakauka kilima kizima."

Ningeweza kukubali heshima ile nikaondoka. Lakini yule mwanamke alikuwa amekumbatia mayai.

"Mama Yunisi, nilimwaga jivu kuwazuia. Nilidhani ni kama siafu."

Tumbo lake likaanza kutikisika chini ya blanketi, akashika mayai yasigongane, akacheka mpaka machozi.

"Siafu!" alisema. "Mama Shani, utayavunja mayai yangu." Akajifuta uso kwa bega. Kicheko kilipoisha aliniuliza jambo moja tu. "Anapumua?"

"Anapumua."

"Nenda kakae naye."

Nilikwenda, lakini nilipitia kwenye mfereji wangu. Nikafukua kwa mikono. Sikufika mbali. Chini ya jivu hapakuwa na nyuzi tena. Palikuwa na mshipa mzima, mnene kama mkono wangu, umesukwa na nyuzi elfu kwa elfu, umezunguka nyumba na kuingia kwenye vyungu. Na kutoka pande zote za kilima, mishipa mingine ya namna ile ilikuwa inaujia. Katika ule mchana mweusi ilikuwa inang'aa, samawati hafifu, mwanga ukisafiri kwa mawimbi kuja kwetu. Kila wimbi lilikuja sambamba na sauti ya mashine: puliza, tua, puliza, tua. Kilima kizima kilikuwa kinavuta pumzi na mume wangu.

Sijui nilipiga magoti saa ngapi. Nilisikia kiti kikiburutwa, na Baba Shani akasimama mlangoni, mrija wake umevutika mpaka mwisho, anatazama. Nililia, na sikulia kwa aibu peke yake.

*

Mpahi alikuja na wingu bado lipo. Daraja lilikuwa limetengenezwa, na ahadi yake aliitimiza: sanduku la lithiamu, jipya, limejazwa umeme mjini mpaka pomoni. Akaliweka sebuleni na kulipangusa kwa leso.

"Sasa unapata ulichotaka, mama. Naunga hili na mashine, nakata vyungu, nafunga kufuli. Hata wingu likae wiki nzima, mzee hatajua."

"Na wale wa nje?"

"Wao watarudia vyungu vyao, bila kukubeba wewe. Ila vimechoka sana hivyo. Nimepima njiani. Wakiwasha leo, vinakufa." Akasita. "Na nikiliunga sanduku hili na vyungu, litamwagikia kilima kizima. Litavinyanyua. Lakini litabaki na nini, mimi sikuahidi. Jua lisipotoka kesho, sijui."

Basi ndiyo hiyo betri isiyozimika, imefika mpaka mlangoni, na ufunguo uko mkononi mwangu. Nilitazama mrija, nikautazama ua. Niliogopa. Ningependa kusema moyo wangu ulichagua upesi, lakini haukuchagua kabisa. Pumzi haikuwa yangu. Nikamgeukia mwenyewe.

"Baba Shani, sema wewe."

Alivuta hewa, akangoja ijae.

"Machimboni," alisema, "pampu ya hewa ilikuwa moja. Mashimo mengi. Kila shimo na bomba lake." Akapumzika. "Watu tuliibiana dhahabu. Tuliibiana viatu. Lakini sikuona mtu akikunja bomba la mwenzake."

Mpahi alishusha macho. Mimi nikamwambia, "Unga na vyungu."

Akaunga. Mshale wa sanduku ukaanza kushuka, na haukushuka kwa adabu, ulikimbia. Ulipita robo, ukaenda. Nikaukamata mkono wa mume wangu. Ulipofika nusu ukapunguza mwendo, ukapita nusu, ukatetemeka, ukasimama. Mashine ikapuliza, ikatua. Ikapuliza tena.

Chini ya mteremko mashine ya kusaga ikakohoa na kuanza kelele zake. Ng'ambo ya ua, dirishani kwa Mama Yunisi, taa ya vifaranga ikawaka, nikamsikia akiita mtu amsaidie kubeba mayai taratibu.

Wingu lilikuwa bado limekalia mawe. Baba Shani alilitazama, kisha akanitazama mimi.

"Jivu limebaki?" aliuliza.

"Limebaki nusu debe."

"Limwage."

Nikachukua debe, nikatoka, nikamwaga jivu taratibu kuanzia mlangoni kwangu, nikapita kwenye tundu la ua, mpaka mlangoni kwa Mama Yunisi, ili nyuzi zipate njia ya kwenda kwake.